Bei ya Leo na Bei ya Miezi Mitatu

Baba yangu hakujua Kiingereza, lakini kila jioni akishaswali magharibi aliketi sebuleni, akafungua redio na kutafuta idhaa ya nje ya Kiingereza. Taarifa ya habari hakuifuata. Alingoja bei za masoko zinazosomwa baadaye, na katika bei hizo alingoja kitu kimoja tu, shaba. Ikitajwa alinyanyua mkono, na nyumba nzima ikanyamaza, hata mama aliyekuwa uani akikuna nazi.

"Wamesema ngapi?" aliniuliza.

Nami, niliyekuwa ndiyo kwanza nimemaliza kidato cha nne na kupata kazi ya kupiga taipu kwenye ofisi moja ya mjini, nilimtajia. Nilimtajia bei mbili, kwa sababu zilisomwa mbili.

Baba alikuwa mwenyekiti wa ushirika wa mafundi wa kusuka mota pale Gerezani. Walikuwa watu wazima, wengi wao waliotoka karakana za reli, wakaungana na kuanzisha karakana yao ndani ya banda la mabati. Waliletewa mota za feni, za pampu za maji, za mashine za kusaga. Mota ikiungua, kinachoungua ni waya wa shaba uliosukwa ndani yake. Fundi huutoa wote na kusuka mwingine mpya. Bila waya mpya hakuna kazi, na waya mpya ulitoka ng'ambo.

Jambo hili lilimuudhi baba kuliko yote. Siku zile reli ya kwenda Zambia ilikuwa bado inajengwa, na shaba ya huko ilishushwa bandarini kwetu kwa malori. Yalipita barabara ya Pugu yamejaa vumbi, yamebeba mabamba mekundu ya shaba tupu. "Shaba inapita mlangoni kwangu," alisema, "inakwenda kwa Mwingereza, anaipangia bei, halafu ananirudishia waya." Ndiyo maana alisikiliza. Alitaka kujua Mwingereza anasema nini juu ya kitu kilichopita mlangoni kwake.

"Hizo bei mbili ni za nini?" aliniuliza jioni moja.

"Ya kwanza ni ya mtu anayelipa taslimu akachukua mzigo wake leo. Ya pili ni ya mzigo wa kupokelewa baada ya miezi mitatu."

"Ipi kubwa?"

"Ya leo."

"Leo tu, au kila siku?"

"Siku hizi kila siku, baba. Ya leo inaizidi ya miezi mitatu kwa mbali."

Akaegemea kiti, akatabasamu. "Kwa hiyo wenyewe wanajua kwamba itashuka."

Mimi pia niliona hivyo. Kama kitu leo ni ghali na baada ya miezi mitatu ni nafuu, maana yake si kitashuka? Shule ilikuwa imenipa maneno, na nilidhani nikishakuwa na maneno, maana nayo ninayo.

Ushirika wakati ule ulikuwa umeweka fedha za kununua waya wa mwaka mzima. Muuzaji wao alikuwa mfanyabiashara mmoja wa Kilimanjaro mwenye duka la vifaa Kariakoo, ambaye sote tulimwita Mangi, kama wateja wake wote walivyomwita. Alikuwa mtu mwembamba, msemaji wa polepole, na alitembea na baiskeli aliyoipenda kuliko gari.

Jumamosi moja nilitoka ofisini mchana nikampelekea baba chakula. Nikamkuta Mangi amesimama mlangoni mwa banda, mkono mmoja kwenye usukani wa baiskeli.

"Mwenyekiti, waya ninao," alikuwa akisema. "Bei imepanda, sitakuficha. Lakini chukua sasa, chukua wote. Aliyeniuzia mimi ameniambia hajui ataleta tena lini."

"Kwa nini ninunue kwa bei ya kunikamua?" baba alimjibu. "London wenyewe bei yao ya miezi mitatu iko chini."

Mangi akamtazama kwa mshangao. "Bei ya miezi mitatu umeisikia wapi?"

Baba akanielekezea kidole, na sikuweza kuficha furaha yangu.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Ni kweli hayo?"

"Ni kweli. Ya leo ndiyo kubwa."

Mangi akafikiri kidogo. Kisha akamwambia baba, kwa sauti ya chini kama anayemshauri ndugu, "Sasa Mwenyekiti, hebu jiulize. Mtu anayekubali kutoa fedha nyingi apate leo, na huku anajua akingoja atalipa kidogo, huyo ana shida gani? Si kwamba leo shaba haipo?"

Mafundi walikuwa wameacha kazi wanasikiliza. Nadhani hilo ndilo lililomponza baba. Kama wangekuwa wawili peke yao, huenda angefikiri. Akageuka akawatazama mafundi, akacheka.

"Mnamsikia? Mlanguzi anatufundisha uchumi."

Mtu aliyeishi miaka ile hahitaji kuelezwa uzito wa neno hilo. Kwenye mikutano ya Mnazi Mmoja walanguzi walitajwa pamoja na kupe na wanyonyaji, na watu walinyoosha ngumi. Mangi aligeuza baiskeli yake, akapanda, akaondoka. Mafundi walicheka, nami nilicheka pamoja nao, nikiwa nimeshika sufuria ya chakula cha baba.

Wiki iliyofuata baba aliitisha mkutano. Alichora kwa chaki kwenye mlango wa banda mistari miwili, mmoja mrefu ni bei ya leo, mmoja mfupi ni bei ya miezi mitatu. Akanisimamisha mbele ya watu.

"Huyu binti yangu amesoma. Mwulizeni yeye."

Nikasema niliyoyasikia redioni. Nilisema vizuri, bila kubabaika, na baadhi ya wazee waliniitikia kwa kichwa kwa heshima. Aliyeuliza swali alikuwa mmoja tu. Alikuwa rafiki wa baba tangu ujana wao karakana ya reli, na mimi tangu utotoni nilimwita Baba Mdogo.

"Ndugu Mwenyekiti, hiyo miezi mitatu ikifika, waya wenyewe utakuwepo?"

"Malori ya shaba yanapita hapo barabarani kutwa kucha," baba akasema. "Itaishaje?"

Watu wakacheka, wakakubaliana kungoja. Baba Mdogo naye alinyoosha mkono akakubali.

Tukangoja. Kila jioni nilitafsiri. Bei ya miezi mitatu ilikuwa bado chini ya ile ya leo, kama baba alivyotaka. Lakini zote mbili zilikuwa zinapanda, moja mbele nyingine nyuma, na ile ya leo haikukubali kufikiwa. Baba aliacha kutabasamu. Akawa ananiuliza, "Una hakika?" Nikasema nina hakika. Baada ya muda akawa anauliza mara mbili.

Madereva wa malori waliokuja karakana kutengenezewa vitu vyao vidogo walisema hawajaona shughuli kama ile. Zamani shaba ililala bandarini hadi ikaota kutu ya kijani. Sasa ilitoka kwenye lori ikaingia melini, hata haikupata nafasi ya kupoa. Baba alisikia maneno hayo, nami niliyasikia, na hakuna kati yetu aliyeyaunganisha na ile mistari miwili ya chaki.

Waya ulipotea madukani. Uliokuwa umebaki kwenye banda la ushirika ulikuwa mwembamba, wa feni. Baba alikwenda duka la shirika la serikali akaambiwa mzigo bado haujafika. Akaenda kwa Wahindi wa mjini akaambiwa hivyo hivyo. Kwa Mangi hakwenda. Alimtuma fundi mmoja aende kama mteja wa kawaida, na fundi akarudi na habari kwamba Mangi alishauza waya wake wote kwa kiwanda kimoja cha sukari bara.

Katika hali hiyo ndipo ilipoungua mota ya kiwanda kidogo cha barafu karibu na soko la samaki la Feri.

Waliileta kwa mkokoteni, watu wanne wakiisukuma. Baba angeweza kuwaambia ukweli siku ile ile. Badala yake aliipokea akasema itakuwa tayari karibuni. Sijui alitegemea nini. Labda alitegemea kwamba mwenyekiti hawezi kukosa namna.

Bila barafu, samaki wa asubuhi alikuwa ameharibika alasiri. Wanawake wa Feri, wanunuzi na wakaangaji, walianza kuja Gerezani kuulizia mota. Wakaambiwa kesho. Wakarudi, wakaambiwa kesho.

Mimi nilikuwa na desturi ya kutoka ofisini nikapitia karakana ili nirudi nyumbani Kariakoo pamoja na baba. Jioni moja nikakuta watu wamejaa mbele ya banda, mafundi wa karakana za jirani, wapita njia, wauza kahawa. Katikati walikuwepo wanawake wa Feri, na mmoja wao, mama mpana aliyejifunga kanga kiunoni, alikuwa ameweka tenga la samaki miguuni pa baba. Harufu ilinipata kabla sijamwona baba mwenyewe.

"Hawa ni changu, na hawa kolekole," mama yule alikuwa akisema. "Wanuse, Mwenyekiti. Tulikuja ukasema kesho. Basi kesho yako ndiyo hii, imeoza."

"Mama, nisamehe. Tunangoja waya."

"Mnangoja waya, au mnangoja bei?"

Watu wakaangua kicheko. Kumbe habari ya ushirika uliokaa na fedha zake ukisubiri bei ya Ulaya ilikuwa imeshafika hadi Feri. Baba alikuwa amesimama, mikono imening'inia, kofia yake imekaa upande. Ndipo mama yule aliponiona na gauni langu la ofisini na mkoba wangu.

"Na huyu ndiye yule binti wa redio?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Baba aligeuka akanitazama, kisha akatazama chini haraka, na katika kutazama kule nilielewa kwamba mimi kuwepo pale ndiko kulikomuumiza kuliko samaki na kicheko cha watu.

Wanawake walipoondoka waliliacha tenga. Hakuna fundi aliyesogea kulichukua. Baba akainama akashika kishikio kimoja, nami nikaweka mkoba wangu chini nikashika cha pili, tukalibeba hadi nyuma ya banda, akachimba shimo akawafukia. Maji ya samaki yalinimwagikia gauni. Tukarudi nyumbani tukipita vichochoro. Kila tulipokaribia barabara kubwa yenye watu, baba alikata kona.

Mkutano wa pili hakuuitisha yeye. Waliuitisha wanachama, nami wakataka niwepo. Mistari ya chaki ilikuwa imefutwa mlangoni kwa kiganja, lakini haikufutika vizuri. Ilionekana.

Baba Mdogo ndiye aliyesimama. Hakupandisha sauti.

"Ndugu Mwenyekiti, ulituambia itashuka. Imepanda. Ulituambia waya utakuwepo. Haupo. Fedha tunazo, lakini tumekaa bila kazi, na watu wa Feri wanatuletea uozo mlangoni. Sisi hatukulaumu. Tunataka tu kujua, ulijuaje kwamba itashuka?"

Baba akasema, macho yake yakiwa mlangoni, "Mimi Kiingereza sijui. Niliyoyasema ni yale niliyoambiwa. Kama aliyetafsiri alikosea, mimi ningejuaje?"

Benchi lote likanigeukia.

Nilingoja baba anitazame. Nilifikiri akinitazama atarudisha neno lake. Hakunitazama. Kwetu binti hamsahihishi baba yake mbele ya watu, na hata kama ingeruhusiwa, wakati ule nilikuwa nimeanza kujitilia shaka. Pengine lile neno la taslimu lina maana nyingine. Pengine miezi mitatu si miezi mitatu. Fundi mmoja kijana akasema, "Vijana wa siku hizi wanasoma lakini hawajui." Mwingine akaguna kukubali.

"Mtoto tusimwingize," Baba Mdogo akasema.

Alisema kwa kunihurumia, na huruma ile ndiyo iliyonitoa machozi. Nikatoka nje.

Nyumbani mama alikuwa ameshasikia. Sijui mitaa ya Kariakoo ilikuwa inapeleka vipi habari, lakini zilifika kabla yetu. Alimtengea baba wali na mchuzi, akasimama mbele yake badala ya kuondoka.

"Ni kweli umemweka mtoto mbele ukajificha nyuma yake?"

Baba hakukigusa chakula. Jioni ile redio haikufunguliwa.

Asubuhi, jua halijapanda bado, aligonga mlango wa chumba changu. "Vaa twende," akasema. Sikumwuliza wapi. Tulipita vumbi la ujenzi wa soko jipya, tukafika duka la Mangi wakati akifungua mbao za dirisha. Wateja walikuwa wameanza kujipanga, mmoja anataka misumari, mwingine utambi wa taa, mama mmoja anataka ndoo. Nilidhani baba atangoja waondoke. Hakungoja. Alivua kofia yake akaishika mkononi.

"Mangi, nilikuita mlanguzi mbele ya watu. Nimekuja kuliondoa neno hilo mbele ya watu."

Wateja wakageuka. Mangi akabaki na ubao mkononi.

"Na la pili," baba akaendelea, "huyu binti alitafsiri sawasawa, neno kwa neno. Kilichokosewa ni maana, na maana niliitoa mimi. Jana nilimsingizia."

Ningependa kusema kwamba moyo wangu ulijaa shukrani. Haukujaa. Nilikuwa namtazama baba yangu, mtu aliyezoea kuitwa Ndugu Mwenyekiti, amesimama na kofia mkononi mbele ya watu wanaonunua misumari, na nilichotaka ni kuondoka pale upesi kabla mtu anayenifahamu hajapita.

"Mzee wangu, ingia ndani ukae," Mangi akasema. Yeye mwenyewe alikuwa anaona haya. Alituwekea viti kati ya makopo ya rangi, akaagiza kahawa.

Baba akamwomba amweleze. Mangi hakuwa na majivuno. Alisema kwao mlimani baba yake alikuwa mkulima wa kahawa, na kahawa nayo bei yake ilitoka huko huko.

"Mnunuzi alikuwa akija anataka ile iliyo ghalani tayari, anaipa bei kubwa kuliko ile ambayo bado iko mtini. Hapo wazee walijua kwamba huko kwao maghala ni matupu, ana njaa ya leo. Mwaka mwingine anakuja anasema iliyo ghalani sina haraka nayo, lakini ukinitunzia nitakuongezea kidogo baadaye. Hapo walijua amejaa hadi mlangoni. Kile kidogo cha kuongeza kilikuwa kama kodi ya ghala tu. Kwa hiyo, mzee, zile bei mbili hazikuambii kesho kutakuwaje. Zinakuambia leo mzigo upo au haupo."

"Lakini waliitaja bei ya miezi mitatu," baba akasema. "Si waliitaja?"

"Waliitaja. Ni ya mtu aliyefunga mkataba siku ile ile. Wewe ulifunga na nani?"

Baba akatikisa kichwa.

"Basi. Wewe ulikaa tu."

Hakulisema kwa ukali, na baba alilipokea kama mwanafunzi. Aliuliza maswali mengine mawili, akaeleweshwa. Mimi nilikuwa natazama kikombe changu.

Waya haukuwepo tena, hilo lilikuwa kweli. Lakini uani Mangi alikuwa na mota mbovu alizonunua kwa bei ya chuma chakavu kutoka shamba moja la mkonge. Mota kubwa za zamani, zimeungua upande mmoja, upande mwingine waya wake mzima. "Zichukueni mzifumue," akasema. "Fedha mtanipa mota ya barafu ikizunguka."

Kufumua waya wa zamani ni kazi ya kuua mgongo. Unaupasha moto ili vanishi, ule utando unaoufunika, ilainike, unautoa taratibu usikatike, unaunyoosha kwa kuuvuta kati ya vipande viwili vya mti. Halafu, kwa kuwa vanishi yake imeshaharibika, lazima uuzungushie utepe wa pamba mwanzo hadi mwisho, uuchovye kwenye vanishi nyingine, uuanike. Mafundi walikuwa wachache kwa kazi ile. Siku ya pili yule mama wa samaki alikuja kuulizia mota, akawaona wanavyohangaika na utepe.

"Hiyo ya kuzungusha hata mimi naweza," akasema. "Kwanza nina kazi gani mie, samaki hamna."

Akarudi na wenzake. Wakakaa chini kwenye mikeka mbele ya banda, wakazungusha utepe huku wakimtania baba kwamba safari hii wakisikia neno kesho watampeleka yeye baharini. Nami nilikaa nao nikitoka ofisini. Walinifundisha kuubana utepe kwa kidole gumba. Hakuna aliyenitaja habari ya redio, lakini kila walipoinamiana na kucheka, nilidhani wananicheka mimi.

Mota ilisukwa. Ilinguruma vibaya, na ilipata moto upesi hadi wakalazimika kuipumzisha mchana, lakini ilizunguka na barafu ikatoka. Siku ile baba aliwaita wanachama akawarudia yote aliyoyasema dukani kwa Mangi, kwamba mimi sikukosea, kwamba alinisingizia. Kisha akaacha uenyekiti. Wengine walimwambia abaki, ila hawakumsihi sana. Wakamchagua Baba Mdogo. Baba akahamia benchi la mwisho, la feni, akawa fundi kama wengine.

Walipiga makofi siku ile, nami nilidhani yamekwisha. Lakini uongo wa mkutano wa pili ulikuwa umesharuka mtaani, na ukweli wa mkutano huu wa mwisho ulikwenda kwa miguu. Kwa muda mrefu nilisikia sokoni nikipita, "Ndiye yule, aliyesoma akakosea Kiingereza, akataka kuua ushirika wa babake." Ofisini karani mmoja alinitania mbele ya bosi, akaniuliza siku hizi miezi mitatu ina siku ngapi. Nilijifunza kwenda sokoni asubuhi sana, na nikajifunza kutosema Kiingereza mbele ya watu hata nilipoulizwa.

Muda ukapita, bei ikageuka. Jioni moja baba alinyanyua mkono tena redio iliposema shaba, kwa mara ya kwanza tangu mambo yale.

"Ipi kubwa?"

"Ya miezi mitatu. Ya leo imeanguka sana."

"Basi maghala yamejaa," akasema.

Na kweli, hazikupita siku nyingi waya ukaanza kuonekana madukani, na madereva wakalalamika kwamba wanashusha shaba bandarini na haichukuliwi. Mafundi walianza kumwuliza baba, wakipita kwenye benchi lake la feni, kama ni wakati wa kununua. Aliwaeleza vizuri, kama Mangi alivyomweleza. Lakini kila mara alianza kwa kusema, "Mimi ndiye niliyeelewa vibaya mara ile, binti yangu alisema sawa." Alimwambia kila mtu. Aliwaambia madereva, aliwaambia wateja wa feni, alimwambia imamu. Nilimsihi aache.

"Baba, yamekwisha. Ukiyataja ndiyo unayafufua."

"Kwako yamekwisha," akasema. "Kwangu bado."

Walipokuja washenga kuniposa, wazee watatu wa heshima kutoka Ilala, wanawake tulikuwa nyuma ya pazia tukisikiliza, kama desturi. Maneno ya kukaribishana yalikwisha, kahawa ikanywewa, mmoja wao akakohoa kuanza kusema lililowaleta. Baba akamzuia kwa mkono.

"Kuna jambo moja kwanza," akasema. "Nataka mlisikie kwangu kabla hamjalisikia barabarani."

Mama akanishika kiganja akakibana. Nikavuta kanga nikafunika uso wote, nikasikia baba yangu, upande wa pili wa kile kitambaa, akianza kuwaeleza watu nisiowajua habari ya bei mbili za shaba, tenga la samaki, na mkutano ambao alimweka binti yake mbele. Hakuacha kitu. Alipomaliza nilidhani watainuka waondoke.

Kisha yule mkubwa wao akauliza, kwa upole, "Na hivi sasa, sheikh, shaba inakwendaje?"

Baba akamjibu. Wakaanza kuzungumza habari ya waya, na ya mashine ya kusaga ya mmoja wao iliyokuwa inapata moto, na ikachukua muda mrefu kabla ya yeyote kukumbuka mahari. Mama alikuwa anacheka kimya hadi mabega yanatikisika. Mimi sikuweza kucheka. Nilibaki ndani ya ile kanga, uso unaniwaka, nikingoja wanitaje.